Barua kutoka Budapest

Salehe ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila baridi. Niwie radhi kwa kimya cha miezi minne, mitihani ilinibana. Mzigo wa Mama Rehema umefika juzi. Pilipili ilimwagikia kahawa, tunainywa hivyo hivyo.

Kilichonikalisha kuandika ni yale maneno yako ya kwenye simu, kwamba umefungia brashi sandukuni kwa kuwa bwana yule aliyeitazama picha yako alisema mto na mlima uliouchora havipo popote duniani. Yameniuma.

Jumamosi nilipanda Kasri la Buda, kwenye jumba la sanaa la taifa, nikakaa mbele ya picha ya mchoraji wa Hungaria, Károly Markó, ya mwaka 1838: mandhari ya Italia, daraja la matao na upinde wa mvua. Mwanga ni ule wa saa kumi na moja jioni, jua likikaribia kuzama. Nikasogea mpaka mlinzi akakohoa. Watu kawachora wadogo, ukiwatazama kwa mbali huwaoni. Sasa sikiliza: mandhari za namna hii mchoraji huzitunga. Mti kauona huku, gofu la jumba kule, mlima kwingine, kisha anavikutanisha apendavyo.

Na kazi yake ya kwanza unaijua? Mpima ardhi! Alisomea uhandisi, akafanya kazi hiyo mpaka 1818, ndipo akaiacha akashika brashi. Mwaka 1832 akaenda Italia, akafia huko karibu na Florence, 1860. Kwa hiyo akisogeza kilima, si kwamba hajui kilima kilikuwa wapi. Nawe hujui? Wewe uliyepima nusu ya mashamba ya Muheza?

Mwaka 1853 alikuja kutembea kwao, kisha akachora nyika ya Hungaria na kisima chenye mti mrefu wa kutekea maji. Kwao kabisa, lakini mwanga naona kauchukua Italia. Ndiyo maana nauwaza mto wako. Ule si wa uongo, Salehe.

Hamisi anakuja huko mwezi ujao, nimempa brashi tatu na rangi. Utazipokea? Ile picha ya mto umeiweka wapi, hujaichana? Mwanaidi bado anachora ukutani? Watoto wa Markó nao walikuwa wachoraji, mwache achore. Na bwana yule, picha alinunua au alisema tu akaenda zake?

Nijibu upesi.

Wako,
Juma