Yah: Malalamiko kuhusu sensa ya oksijeni mliyoifunga kwenye Forester yangu

Dar es Salaam,
28 Aprili 2025

Kwa Meneja wa Gereji

Ndugu Meneja,

Salaam. Mimi ndiye mteja wenu wa Subaru Forester ya kijivu, ya mwaka 2004, yenye turbo. Gari niliwaletea tarehe 17 Machi mlifungie sensa ya oksijeni ya waidibendi, kisha mlituni, yaani mpange upya kiasi cha mafuta kwa kompyuta. Nikalichukua tarehe 20. Nililipa shilingi 1,450,000 na risiti ya EFD ninayo. Tangu hapo nimepiga simu mara nne, na kila mara naahidiwa kwamba fundi atanipigia. Hajapiga hadi leo, ndiyo maana naandika. Nitaandika kwa kirefu ili hata aliye ofisini, asiyeshika spana, aelewe kilichotokea.

Sikuja kwenu kutafuta mbio. Nilikuwa nimebadilisha bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo na kuweka ekzosi pana zaidi, na nikaambiwa na watu ninaowaamini kwamba baada ya hapo si vizuri kuendesha kwa kubahatisha. Sensa ya oksijeni ya kawaida, inayokaa kwenye bomba la moshi, inajua kusema mambo mawili tu: mafuta yamezidi, au hewa imezidi, kwa kulinganisha na kile kipimo cha hewa 14.7 kwa petroli 1. Waidibendi inakutajia namba yenyewe: ikishuka, mafuta ni mengi; ikipanda, hewa ni nyingi. Injini ya turbo ikibeba mzigo mzito inahitaji mafuta ya ziada ili isipate joto la kuyeyusha pistoni, na namba hiyo ndiyo jicho kubwa la anayetuni kuona humo ndani. Kwa hiyo nilinunua sensa ya Bosch LSU 4.9 mpya, ikiwa kwenye boksi lake, pamoja na geji yake, nikawakabidhi mkononi.

Jumamosi ya tarehe 5 Aprili nilikuwa nampeleka mama yangu Lushoto. Siku zote tangi likijaa Dar linanifikisha nyumbani na mafuta yanabaki. Safari hii Korogwe nikalazimika kuingia kituoni. Tulipoanza kupanda kutoka Mombo, kwenye zile kona, gari likaanza kukohoa. Nikikanyaga, linasita, halafu linatoa moshi mweusi nyuma mpaka bodaboda aliyekuwa anatufuata akakaa pembeni. Mama alijifunika pua kwa kanga, akaniuliza, "Mwanangu, gari linaungua?" Nikamwambia haliungui, lakini sikuwa na hakika. Ile barabara ina korongo upande mmoja, na gari linalosita katikati ya kona huku lori linashuka si jambo la kuchukulia kirahisi. Nimeliwaza sana.

Jumatatu nikapiga simu. Kaka wa mapokezi akaenda kumuuliza fundi, akarudi na jibu: kama geji inanisumbua, nichomoe soketi yake niendelee kutembea. Nikachomoa. Nilitembea hivyo siku tisa, kwa maneno yenu.

Tarehe 16 nikaenda kwa mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani hapa Dar, fundi wa siku nyingi. Alilipandisha gari, akatazama kwa tochi, akaniita nije nione mwenyewe. Sensa mmeifunga chini kabisa ya bomba, ncha ikitazama juu na waya ukining'inia kuelekea barabarani. Ninyi ni mafundi, mnajua kwa nini haifungwi hivyo. Injini ikiwa ya baridi, mvuke ndani ya ekzosi unageuka maji, na maji yanakaa chini. Kitu kilicho ndani ya sensa ile ni kauri inayopashwa moto hadi karibu nyuzi 780. Tone la maji likiigusa ikiwa na joto hilo, inapasuka. Maelekezo yanataka ikae upande wa juu wa bomba, imeinama angalau nyuzi 10 kutoka usawa, ili maji yaweze kutiririka kutoka kwake. Kwenye bomba hilohilo, upande wa juu, palikuwa na nafasi ya kutosha. Mzee alinionyesha kwa kidole. Alipoifungua sensa, kabla hajaitoa yote, matone matatu ya maji meusi yalidondoka kwenye kiganja chake. Ilikuwa masika, na gari lilikuwa limelala nje.

Kisha akatazama ile nati mliyoichomelea kwenye bomba ili ishike sensa. Upande unaoonekana kazi ni safi, lazima niseme. Upande wa nyuma, ambako mkono unafika kwa shida, moto haukuzunguka. Palikuwa na mstari wa masizi wenye upana wa kidole kuanzia kwenye nati hadi chini ya bomba. Akarudisha sensa mahali pake, akaziba nafasi kwenye bomba la nyuma kwa matambara, akapuliza hewa kwa blowa, kisha akapaka maji ya sabuni kwa brashi. Povu likachemka pale kwenye nati. Nina video yake ya sekunde 40.

Uvujaji huo haupigi kelele tu. Moshi wa injini hautoki kwa mkondo mmoja, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba linavuta hewa ya nje kupitia kila tundu. Hewa hiyo ina oksijeni ambayo injini yangu haikuwahi kuiona. Sensa inaihesabu, geji inasema hewa imezidi, na anayetuni anaongeza mafuta yasiyohitajika. Hilo linaonekana zaidi injini ikinguruma gari likiwa limesimama au likitembea polepole, na mimi natembea polepole kila siku kwenye foleni ya Mwenge.

Lakini kosa lililoniuma kuliko yote liko kwenye waya. Ethi ya kifaa cha sensa, yaani waya wake wa hasi, mmeifunga kwenye boliti ya redio, ndani ya dashibodi, wakati kontroo boksi, ile inayoongoza injini, inachukua ethi yake kwenye injini. Mzee aliweka tesita kati ya sehemu hizo mbili. Taa zikiwa zimezimwa, ilisoma volti 0.05. Tukawasha taa kubwa, feni na AC, ikapanda hadi 0.31. Geji ile inapeleka namba kwenye kontroo boksi kwa volti, na kompyuta ya fundi inaisoma kutoka hapo: 0 ni 10, na 5 ni 20, maana yake kila volti 1 ni namba 2. Kwa hiyo volti 0.31 za uongo zinaongeza karibu 0.6. Injini iko 11.5, kompyuta inaandika 12.1, na fundi anamimina mafuta kufukuza namba ambayo haipo.

Sikuyabuni haya. Fundi wenu mwenyewe alinitumia picha kwa WhatsApp tarehe 19 Machi kunionyesha kazi inavyoendelea. Ikuzeni. Mbele ni kompyuta, 12.1. Nyuma yake, kwenye dashibodi, geji inasoma 11.5. Picha moja, dakika moja, sensa moja. Kijana aliyekaa na hizo namba mbili mbele ya macho yake alipaswa kusimama na kuuliza ipi ni ya kweli kabla hajagusa kitu.

Matokeo yake ninayo mezani. Plagi nne zote nyeusi kama zimechovywa kwenye masizi. Oili, yenye wiki nne tu, inanuka petroli na imekuwa nyepesi, ikabidi niimwage. Gari lililokuwa likinipa kilomita 10 kwa lita sasa linanipa 6 na kidogo. Kuhusu masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, mzee anasema bado hayajaziba, ila mafuta mabichi yakiendelea kuungulia humo hayatadumu. Na sensa yenyewe imekufa. Ilikaa siku tisa ndani ya moshi bila umeme wa kuipasha moto, ikajaa masizi, kwa sababu mlinishauri nichomoe soketi. Sensa hiyo ikishafungwa kwenye ekzosi lazima iwe inawaka kila injini inapotembea, la sivyo inatolewa na tundu linazibwa kwa boliti. Hilo limeandikwa kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, ambayo niliikuta haijakunjuliwa, imefungwa vilevile na mpira wake.

Nashukuru Mungu kosa liliangukia upande wa mafuta mengi. Kama ethi ingepotoka upande wa pili, mngepunguza mafuta badala ya kuongeza, na pale Mombo, injini ikiwa na mzigo na mama yangu ndani, ningepasua pistoni.

Ninachoomba ni hiki. Mninunulie sensa mpya ya aina ileile. Nati iondolewe, tundu lizibwe vizuri, na nyingine ichomelewe upande wa juu wa bomba, mbele ya masega, kwa kuzunguka pande zote, na ipimwe kwa sabuni nikiwa nimesimama hapo. Ethi ya kifaa ihamishiwe pale inapochukua kontroo boksi, na kabla ya kutuni upya mnionyeshe geji na kompyuta zikisoma namba moja, taa zikiwa zimewashwa. Gharama ya plagi, oili na kazi ya mzee wa Gerezani, jumla shilingi 310,000, mnirudishie, risiti nimeambatisha. Mnipe pia faili la mpangilio wa awali wa gari langu, lile mlilolinakili kabla ya kubadilisha chochote. Kama hamkulinakili, niambieni hivyo kwa maandishi.

Kama mnaona kazi hii hamtaiweza, nirudishieni fedha zote niende kwingine. Sitakuwa na kinyongo.

Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko yangu Tume ya Ushindani pamoja na video, picha na risiti. Sensa ya zamani nimeitunza kwenye gazeti ndani ya boksi lake, na masizi yake. Fundi wenu mkuu anaweza kuja kuitazama siku yoyote baada ya saa 11 jioni. Gari lenyewe nimeliegesha nyumbani, silitumii.

Wenu mteja,

(sahihi)
Mwenye Forester ya kijivu

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, risiti za Gerezani, picha ya tarehe 19 Machi, video ya jaribio la sabuni.