Tope la machimbo Amani huua kabla ya zebaki

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja inayorudiwa kila yanapotajwa machimbo ya dhahabu kwenye vijito vya Amani, Usambara Mashariki: eti mchimbaji mwenye sepeto na karai hana madhara, kwa kuwa hatumii baruti wala mitambo. Nimeisikia hata kwa watu ninaowaheshimu. Mimi huongoza wageni usiku katika msitu huo, tukitafuta vinyonga na vyura, hivyo kijito nakijua kwa kutembea ndani yake.

Dhahabu ya mtoni ni nzito. Hukaa chini kabisa, chini ya mchanga na kokoto, mara nyingi juu ya mwamba wenyewe. Anayeitaka hana budi kufukua sakafu yote ya kijito, na ikiisha ahamie ukingoni, akate mizizi na kuporomosha udongo. Sakafu hiyo ndiyo makazi. Chini ya mawe ndiko waliko kaa wa maji baridi na wadudu wanaoliwa na samaki. Amani kuna chura ambaye viluwiluwi wake hawaogelei dimbwini kama wengine. Hujibana kwenye miamba inayolowa maji ya maporomoko, wakikwangua ute wa kijani unaoota juu ya jiwe. Tope likitanda juu ya jiwe lile, chakula chao kimekwisha. Samaki nao matamvua yao huziba, na mayai yaliyotagwa katikati ya kokoto hukosa hewa. Hapo hakuna tone la sumu lililomwagwa bado. Ni sepeto tu.

Ukingoni, kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, ndiko linakoota lile ua la zambarau ambalo Wajerumani walilipeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19 na leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Kwa wenzetu ni pambo la dirishani. Asili yake ni kwenye milima hii, na jiwe likipinduliwa nalo limekwenda.

Zebaki, ile metali ya majimaji yenye sumu, hufuata baadaye, pale inapochanganywa na mchanga ili iikamate dhahabu, kisha donge lao linapochomwa ili zebaki iondoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Ule mvuke huvutwa na mchomaji na waliomzunguka. Zebaki inayomwagika huzama kwenye tope, vijidudu wakaigeuza kuwa aina inayoingia mwilini kwa urahisi, ikapanda kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki, kisha kwa mdiria na kwa binadamu mla samaki. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu hushambulia ubongo unaojengeka.

Wakazi wa Jiji la Tanga wasidhani haya ni ya watu wa mlimani. Vijito hivi huingia Mto Zigi, Zigi huingia bwawa la Mabayani, na maji ya Mabayani ndiyo yanayofika kwenye mabomba yao.

Sheria hatujakosa. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini utekelezaji wetu ni wa kufukuza watu tu. Dhahabu ilipogunduliwa Sakale, humu humu Usambara Mashariki, mwaka 2003 watu walimiminika kwa maelfu, wakaja kuondolewa. Mtu huondoka, shimo hubaki, na kila masika hushusha tope upya. Operesheni inayoacha mashimo wazi, kwangu mimi, haijaisha.

Wala siwachukii wachimbaji. Wengi ni vijana ambao iliki haiwalipi vya kutosha. Kulikuwa na ufugaji wa vipepeo wa kuuzwa nje ya nchi, kazi iliyomfanya mwanakijiji autake msitu uendelee kusimama, maana vipepeo wake hutegemea mimea ya humo. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi ulipositishwa, vipepeo nao wakazuiwa. Sikuona busara ya kumfungia mfugaji wa kipepeo mlango mmoja na faru, huku dhahabu ikimsubiri kijitoni.

Ninachoomba kwa wenye dhamana ni hiki. Mashimo yafukiwe na kingo zipandwe miti ya asili ya palepale, si mikaratusi, na kazi hiyo walipwe vijana wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, wakiwemo waliowahi kuchimba. Zebaki ipimwe kwenye tope la vijito na la Mabayani, si kwenye maji peke yake, kwa kuwa tope ndilo linaloitunza. Majibu yabandikwe kwenye ofisi za vijiji na kutangazwa Tanga mjini, kabla ya masika kuanza.

Mwongoza wageni,
Muheza, Tanga