Bangili ya mama: tuigawe au ibaki nzima?

Shikamoo Anti,

Mama alifariki mwaka huu na arobaini imeshapita. Vyombo, vitenge, hata kiwanja, tumegawana bila maneno. Kilichotushinda ni bangili moja ya fedha.

Ni mkufu wa mkononi wenye kufuli dogo la umbo la moyo. Mama aliachiwa na nesi Mwingereza waliyefanya kazi pamoja, alipokuwa akirudi kwao. Kwenye kufuli kumegongwa simba na nanga. Sonara ametuambia simba ni alama ya fedha halisi ya Uingereza, na nanga ni ya mji wa Birmingham. Ila vidude vinavyoning'inia ni vya kwetu. Bibi alimwachia baba rupia chache za Mjerumani, zile sarafu za fedha za zamani, naye alikuwa akimpelekea sonara aziyeyushe, moja moja. Ya kwanza ilitoa meli, ya harusi, maana yeye na mama walijuana melini wakitoka Bukoba. Dada akapata kengele kwa kuwa alizaliwa Krismasi. Kaka ana sato, magamba yake yanahesabika.

Mimi sina changu. Baba alizama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mama akiwa na mimba yangu ya miezi mitano. Hakuongeza tena kitu. Lakini kila mwaka siku hiyo aliivaa, tukaenda wawili makaburini Igoma, na tukikaa pale kidole gumba chake hakikutoka kwenye ile meli. Imelika upande mmoja.

Sasa dada anataka kila mtu achukue chake, na meli iwe yake. Anasema yeye anamkumbuka baba, mimi sikumwona. Ni kweli, Anti, sikumwona. Nililia usiku kucha.

Sonara anasema vipete vinavyoshikilia vidude vimechomelewa, lazima avikate kwa msumeno. Mimi natamani ibaki nzima tuivae kwa zamu, hata ikikaa kwa dada. Sijathubutu kumwambia, naogopa ataona nazunguka tu kuitaka meli. Kaka amekataa kuingilia.

Nimwambie? Au nimwachie meli yake yaishe? Anakuja Jumamosi kuichukua, na bangili iko kabatini kwangu, ndani ya leso ya mama.

Kitinda mimba,
Kirumba, Mwanza