Eda Asiyoikaa Mama

Muscat, Oman

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, nakujulisha kuwa mimi na wanangu hatujambo, ila magoti yangu ndiyo hayo unayoyajua. Barua yako ya kutaka ridhaa yangu ili jina la Baba litajwe katika hitma ya kumwombea marehemu Mama nimeipata, na nimekaa nayo siku tatu kabla ya kushika kalamu.

Baba alipochukuliwa, wewe ulikuwa ungali unanyonya. Ilikuwa mwaka 1969, mwaka uleule ambao Abdallah Kassim Hanga na Othman Shariff walirejeshwa Unguja kutoka Bara na wasionekane tena. Ikiwa watu waliowahi kuwa mawaziri waliweza kupotea, nani angeuliza habari za karani wa bandarini? Watu watatu walibisha hodi baada ya sala ya isha, wakasema wana maswali machache tu, naye akavaa kanzu na kofia yake kama anayekwenda barazani. Hatukuonyeshwa hati, hatukuambiwa kosa, wala hatukupewa maiti ya kuzika.

Umeniuliza kwa nini Mama hakwenda kwa kadhi, ilhali sheria yetu inamjua mke wa mtu aliyepotea na inampa njia. Alikwenda, akafika mlangoni, akarudi. Kukaa eda miezi minne na siku kumi kungekuwa kuutangazia mtaa kwamba mumewe ameuawa, na Zanzibar ilikuwa ya chama kimoja, Afro-Shirazi (ASP), na haikufanya uchaguzi wa viongozi wake yenyewe tangu Mapinduzi ya 1964 hadi 1980, tena mahakama za wananchi zilizoundwa miaka ile hazikumruhusu mshitakiwa kuwa na wakili. Kwa hiyo Mama aliendelea kutia wanja, na kila sikukuu akapaka hina, ili asije mtu akasema anaomboleza. Wapo majirani waliomsengenya kwa hina ile, na sidhani kama aliwahi kumsamehe hata mmoja wao.

Mzee Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, kamatakamata ilianza upya, na ndipo Mama aliponipakia jahazini kwenda Mombasa, akinikataza nisiandike kamwe jina la Baba katika barua zangu. Katazo hilo nimelitii kwa zaidi ya miaka hamsini, na hata leo, Mama akiwa kaburini, naona nimekuandikia kurasa hizi zote bila ya kulitaja.

Ridhaa yangu unayo. Jina lake kamili, pamoja na la baba yake na la babu yake, nimeliandika kwenye karatasi ndogo iliyomo ndani ya bahasha hii. Mpe mwalimu alisome kabla ya jina la Mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia.

Wasalaam,
Dada yako