Moja kwa kumi iwe kumi kweli

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauza mbao. Nitaanzia kitandani kwangu.

Kitanda changu ni cha futi 5 kwa 6. Kichwa chake, ambacho kwetu Pangani tunakiita mchago, kiliingia bungua mwaka jana. Kila asubuhi nilikuwa nafagia kijilima cha unga wa njano sakafuni, mpaka siku nilipoegemea kusoma gazeti, kikakatika kama muhogo mkavu. Nikabaki naegemea ukuta, na ukuta wangu ni wa chokaa. Nikiinuka, khanga ina mgongo mweupe utadhani nimetoka mashineni kusaga.

Fundi wa mtaani alinitajia 180,000 kwa kichwa peke yake. Sina ugomvi naye, naye ana watoto wa kusomesha. Lakini nimefundisha sayansikimu miaka 31, nimekata magauni nisiyoweza kuyahesabu, na mkono wangu bado hautetemeki. Nikasema nitakitengeneza mwenyewe.

Hesabu niliipiga usiku nyuma ya bahasha. Kitanda kina upana wa inchi 60. Mbao za paini za moja kwa kumi, yaani unene inchi 1 na upana inchi 10, zikisimama 6 bega kwa bega, ni inchi 60 kamili. Mbao ya futi 12 inatoa vipande 3 vya futi 4, kwa hiyo mbao 2 zinatosha na hakibaki kitu. Nilijisifu kimoyomoyo, hata sare za shule sijawahi kuzikata bila kubakiza kiraka.

Mbao hizo 2 nililipa 36,000. Mbili kwa tatu moja ya miguu 6,500, mbili kwa mbili moja ya mikanda ya nyuma 5,000, skrubu 5,000, gundi 6,000, msasa 3,000, vanishi 9,000, brashi 2,000, bolti na nati zake 4,000. Guta mpaka Kihonda 5,000. Jumla 81,500. Muuzaji alinisihi nichukue zile za kijani zilizotiwa dawa, kwa kuwa nilimlalamikia bungua. Nikakataa. Zile ni za kenchi, zikae juu ya dari huko. Mimi nalaza uso pale, na vumbi lake wakati wa kupiga msasa lingeishia puani mwangu.

Nikavipanga vile vipande 6 ukumbini, nikanyoosha futi kamba. Inchi 55 na nusu. Nikapima tena kutoka upande wa pili, kama vile upande ungebadilisha jibu. Kisha nikapima mbao mojamoja: upana inchi 9 na robo. Unene, ile "moja" yenyewe, ni robo tatu. Mbili kwa mbili nayo ilikuwa inchi 1 na robo tatu.

Nilirudi kwa muuzaji. Akacheka kwa adabu. "Mama, hiyo ndiyo moja kwa kumi. Ni jina tu." Akanieleza kwamba mbao hupasuliwa ingali mbichi, ikikauka inasinyaa kwa upana, msumeno nao unakula na randa inakula. Nakubali, mti si chuma. Ila mimi nililipia kumi, na msumeno ulikula kabla mimi sijafika dukani. Robo tatu ya inchi katika kumi ni sawa na kuuziwa yadi ya kitambaa yenye inchi 33. Ningemfanyia hivyo mzazi mmoja tu, nikamwambia yadi ni jina, wangeniita mwizi mbele ya shule nzima.

Aliyeniokoa ni kijana wa jirani aliyeniazima drili na msumeno. Aliziangalia mbao zangu, akauliza, "Mwalimu, huu ubao utakaokuwa nyuma ya godoro unamwonyesha nani?" Kweli bwana. Tukapunguza futi 1 kila kipande, zikabaki futi 3, na miguu ya nyuma ikavibeba juu. Vile vipande 6 vya futi moja ndivyo vilivyoziba pengo. Tulichukua 3, tukavichana upana wa inchi 4 na nusu, tukavipandanisha katikati, mbao 3 kushoto na 3 kulia. Wageni wanadhani ni nakshi. Juzi shemeji yangu aliuliza fundi gani aliyebuni ule mtindo, na sikumjibu.

Skrubu nazo zilikuwa na kesi yao. Nilinunua za inchi 2 na nusu nikijua nyuma kuna inchi 2 na mbele inchi 1, jumla 3, haziwezi kutokeza. Ya kwanza tu, ncha ikachungulia mbele, mahali pale pale ambapo kichwa changu kingeegemea. Jumlisha mwenyewe vipimo vya kweli uone. Nikatuma kununua za inchi 2. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkono tu: msasa namba 80, halafu 120, halafu 220, siku zote kufuata nyuzi za mti, kisha vanishi mara mbili na bolti 4 kwenye miguu ya kitanda.

Kwangu kilikuwa kitanda. Yupo anayepaua nyumba kwa mkopo, amechorewa kenchi za mbili kwa nne, na anachopandisha juu si mbili wala si nne. Huyo hana vipande vya futi moja vya kumwokoa.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Andikeni kwa chaki kwenye kila rundo kipimo cha kweli kilivyo siku hiyo, upana na unene, pembeni ya lile jina. Na wenzetu wa Wakala wa Vipimo, ambao tunawaona wakikagua mizani ya sokoni na pampu za mafuta, wapite na kwenye mbao.

Mwezi ujao nataka rafu ya vitabu. Nitakuja na ile futi kamba yangu ya kushonea, na pochi nitaifungua baada ya kupima.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro