Mgema hafai kwa methali ya Kikantoni

Mhariri,

Mfasiri akikutana na methali ya Kikantoni, lugha ya Kichina isemwayo Guangdong na Hong Kong, jan4 paa3 ceot1 meng2, zyu1 paa3 fei4, yaani mtu huogopa umaarufu kama nguruwe aogopavyo kunenepa, mkono humwendea mgema: "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Hapo amepotea. Mgema anaharibiwa na sifa, na kosa ni lake. Nguruwe hana kosa lolote. Amenona tu, na mwenye kisu amemwona. Kinachoonywa ni macho ya watu, si kiburi. Wa kuwekwa hapo ni "Mti wenye matunda ndio upigwao mawe", ambao ni pacha pia wa syu6 daai6 ziu1 fung1, mti mkubwa huvuta upepo.

Tarakimu hizo ni za toni. Kikantoni kina toni sita, na ukikosea toni umetaja neno jingine. Fei4 hutamkwa kwa sauti ya chini inayoshuka, maana yake nene. Ukiipaza ikabaki juu, fei1, umesema kuruka.

Mbele ya hadhara ya Mombasa, nguruwe atawashughulisha watu kuliko methali yenyewe. Sema mbuzi aliyenona. Kila mtu hapa anajua kinachomngoja Idi ikikaribia. Ukizungumza na Mkantoni, mwachie nguruwe wake.

Tena tuangalie nani anaambiwa. Mwenye jina hujisemea mwenyewe anapokataa kuhojiwa, au jamaa yake wa karibu humwonya. Ukimwambia mwenyeji siku anayofungua duka, umemtabiria kisu. Siku hiyo mpe ming4 bat1 heoi1 cyun4: jina lake halikuvuma bure. Neno "jina" ni lile lile, ila katika "kupata umaarufu" hutamkwa meng2, na katika misemo ya kitabuni kama huu ni ming4.

Iko nyingine: hou2 si6 bat1 ceot1 mun4, waai6 si6 cyun4 cin1 lei5. Jema halitoki mlangoni, baya huenea li elfu moja. Li ni kipimo cha umbali cha Kichina; elfu moja ni kama kilomita 500, karibu sawa na kutoka hapa hadi Nairobi. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza" huifikia nusu tu. Kibaya kinatembea kote kuwili, lakini chema chetu hupata mnunuzi. Cha Wakantoni kimekaa ndani, hakuna aliyekisikia.

Mfasiri,
Kisauni, Mombasa