Barua ya wazi kwa Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, kutoka kwa mshonaji wa Athi River

Athi River, Oktoba 2025

Mheshimiwa Jamieson Greer,

Salamu nyingi. Mimi ni mshonaji, mama wa watoto wawili, na nimekaa miaka kumi na moja kwa cherehani ndani ya kiwanda kimoja cha EPZ hapa, yaani eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje. Kazi yangu ni mifuko ya nyuma ya jinzi, bando linakuja nashona linaenda, na tageti ya saa isipofika supavaiza anakuja anasimama nyuma yako bila kusema neno. Hizo jinzi zinapakiwa kwa kontena, zinashuka Mombasa, zinapanda meli zinakuja kwenu.

Mwaka jana nilienda Gikomba, soko la mitumba Nairobi, kumtafutia kijana wangu suruali. Nikashika jinzi moja, nikageuza kiuno, lebo ya ndani inasema imetengenezwa Kenya. Nikaangalia mfuko wa nyuma, pale kwenye pembe uzi unarudiwa mara kadhaa ndio usiachie, na ukikaa kwa laini moja miaka mingi unajua vile wenzako wanaumalizia, jamani nikaujua ule mshono. Kama ni mkono wangu au wa jirani yangu siwezi kuapa lakini ni wa laini yetu. Ilienda Marekani ikavaliwa mpaka magoti yakafifia, ikafungwa kwa robota ikarudi, nikainunua shilingi 300. Iko hapa mezani nikikuandikia.

Nimeanza na hiyo suruali kwa sababu nataka kukuuliza kuhusu AGOA, ile sheria yenu kwa nchi za Afrika. Tangu mwaka 2000 tunaambiwa ni sheria ya biashara, nguo zetu ziingie kwenu bila ushuru na sisi tupate kazi. Lakini ndani yake mmeandika pia kwamba nchi isifanye jambo la kudhuru usalama wa Marekani wala siasa zenu za nje, na hapo ndipo biashara inageuka fimbo. Na hiyo fimbo kila ikishuka inatua kwa mtu wa cherehani.

Angalia Ethiopia. Vita ya Tigray ilianza Novemba 2020, watu wakafa wengi sana, hilo silikatai. Mkaitoa Ethiopia kwenye AGOA kuanzia Januari 2022, na pale Hawassa kwenye eneo la viwanda waliokuwa wanashona wengi ni wasichana wa kutoka kijijini, wanachangia chumba kimoja watu kadhaa vile sisi tulivyoanza hapa Mlolongo. Hakuna hata mmoja wao aliyeanzisha vita. Oda ikikatika msichana anarudi kwao na begi, jenerali anabaki na kiti chake. Mkataba wa amani ulitiwa saini Pretoria Novemba 2022 na mpaka leo Ethiopia hamjairudisha.

Rwanda kosa lake lilikuwa kupandisha ushuru wa mitumba ili nguo zishonwe nyumbani. Nchi zetu za Afrika Mashariki zilikubaliana hivyo 2016, wauzaji wa nguo kuukuu wa kwenu wakapeleka malalamiko kwa ofisi hiyohiyo unayokalia wewe leo, Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda nao wakalegeza, Rwanda ikakataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa nafuu. Mimi navaa mitumba, watoto wangu wanavaa mitumba, na najua Gikomba inalisha familia nyingi sana. Lakini nchi ikiamua inataka kushona nguo zake yenyewe, hiyo inamuumiza nani huko Washington mpaka iadhibiwe?

Uganda ikatoka Januari 2024 baada ya ile sheria dhidi ya mashoga. Wanaoteswa Uganda ni binadamu na wanastahili mtu wa kuwasemea, mimi siwezi kusema vingine. Ila sioni vile kumfungia soko mshonaji wa Kampala kunamkinga hata mmoja wao, naogopa jirani ndio atazidi kuwachukia.

Na nani anawapima nyinyi? Aprili 2018 karibu na El Buur, Somalia, shambulio la ndege yenu liliua mama na mtoto wake. Jeshi lenu lilisema wote waliouawa ni magaidi, mwaka mzima ukapita ndio likakubali kwamba wawili walikuwa raia. Hakuna kiwanda cha Marekani kilichofungwa kwa sababu ya yule mama.

Sasa nikuambie ya kwetu, kwa sababu Kenya imefanya kila mlichotaka. 7 Agosti 1998 bomu lililolenga ubalozi wenu liliua watu zaidi ya 200 Nairobi, karibu wote Wakenya, wengine walikuwa wanapita tu barabarani, na familia zao bado zinaomba fidia. Wanajeshi wenu wako Manda Bay kule Lamu. Juni 2024 tulipeleka polisi wetu Haiti mkituunga mkono, na mwezi huohuo mkatutangaza washirika wakubwa wa kijeshi nje ya NATO. Haikufika hata mwaka, Aprili 2025 tukawekewa ushuru wa asilimia 10 kama hatujuani, halafu tarehe 30 Septemba AGOA ikaisha, na mpaka naandika barua hii Oktoba 2025 hakuna aliyeiongeza. Jinzi ya pamba ushuru wake wa kawaida kwenu ni asilimia 16.6, ujumlishe hiyo 10. Wanunuzi wenu wanabembelezana na mwenye kiwanda kwa senti, hiyo asilimia zaidi ya 26 itatoka wapi kama si kwa mshahara wangu?

Ovataimu imekwisha. Kontrakti zetu zilikuwa za miezi sita, sasa ni mwezi kwa mwezi, na karatasi ya majina inabandikwa getini Ijumaa jioni. Wiki iliyopita msichana wa laini ya pili alisoma ile karatasi mara tatu kwa kidole, juu mpaka chini, halafu akaenda kukaa kando ya ukuta na kile kimto chake cha kukalia kwenye mashine.

Mwanzo wa mwaka huu mlisimamisha misaada pia. Dada yangu anatumia dawa za virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi, mradi wenu wa UKIMWI unaoitwa PEPFAR tangu 2003 umewaweka hai watu kama yeye na kwa hilo nashukuru kutoka moyoni. Februari alienda kliniki akapewa za wiki mbili badala ya miezi mitatu, na chumba cha yule mshauri wake kina kufuli. Wiki mbili, halafu nauli tena, halafu foleni tena.

Najua sheria inatungwa na Kongresi na rais ndiye anasaini. Lakini ofisi yako ndiyo inakagua kila mwaka nchi ipi ibaki ipi itoke. Ombi langu ni kwamba mkikaa na hiyo orodha muweke pembeni ya kila nchi idadi ya watu watakaokosa kazi, na mtupe mwaka mzima wa notisi kabla ya kufunga. Kama mna ugomvi na rais au jenerali, mfungieni yeye akaunti zake na visa yake. Na AGOA ikirudi irudi kwa miaka ambayo mtoto anaweza kumaliza shule.

Mkitaka kuiona ile suruali nitawatumia, kijana imeshamkaa ndogo.

Mshonaji wa mifuko ya nyuma, Athi River